Sikio la Gari la Lerionka

Miaka ile milango ya biashara ilipofunguliwa, mtu wa Arusha akiwa na Landrova moja na rafiki mmoja Ulaya alikuwa tayari kampuni ya utalii. Akiwa na Landrova mbili, alikuwa mkurugenzi. Na kila mkurugenzi alitaka redio ya upepo, kwa sababu huko mbugani simu haikuwepo, na gari likikwama na wageni ndani, lazima awepo mtu mjini wa kusikia.

Aliyezifunga redio hizo, nyingi kuliko mtu mwingine yeyote mjini, alikuwa Elifuraha, mwenyeji wa Akheri. Alikuwa mrefu, koti lake la kaki limechakaa kwenye viwiko, na alikuwa na tabia ya kulizunguka gari kabla hajaligusa, mikono nyuma, kama mnunuzi anayekagua ng'ombe mnadani.

"Fundi, tukufunulie mdomo uhesabu meno?" madereva walimtania.

"La kwako nimeshaliona," aliwajibu. "Kibogoyo."

Kazi hiyo aliianzia jeshini, akaendelea nayo katika shirika la umma la utalii, na humo akaota mvi. Kisha shirika likauzwa. Aliyelinunua alitaka magari na kiwanja, watu hakuwataka. Wafanyakazi walipunguzwa asubuhi moja, wakasimama getini wakiagana kama watu waliotoka kuzika. Elifuraha alihangaika mjini akibisha mageti ya watu, hadi Hans akamfungulia lake, kule Sekei.

Hans alikuwa mtu wa Machame, mtaratibu, wa kusali Kilutheri kila Jumapili na wa kupiga mswaki hata ofisini. Alikuwa na magari matano, na kila moja alilipa jina la ndege la kuitiwa redioni. Uani kwake palikuwa na chumba kilichopakana na jiko. Humo mlikaa redio kubwa ya kituo, na Irine, binti wa kuipokea, na meza ya Elifuraha. Chumba kile kilinuka risasi ya kulehemu na vitunguu. Elifuraha alikipenda. Kahawa ya Akheri ilikuwa imekufa bei, wanunuzi wapya wanakuja leo na kesho hawaonekani, na miti aliyoachiwa na baba yake ilikuwa imezeeka kabla yake. Kama si meza ile, angekuwa mtu wa kukaa nyumbani akifukuza tumbili kwenye mahindi.

Asubuhi moja Hans akaja akasimama mlangoni, simu ya mkononi imetokeza kwenye mfuko wa shati. Simu zile zilikuwa zimeanza kushika mjini, na wenye nazo waliziacha zionekane.

"Mzee Elifuraha, shikamoo."

"Marahaba, bosi."

"Wakala wetu wa Ulaya ameandika tena. Anataka kila jioni asikie wageni wake wako wapi. Na Tai mwezi uliopita ilipotea siku mbili."

"Tai ilikuwa betri."

"Mimi najua ni betri. Yeye huko aliko hajui betri." Hans akakuna shavu. Hakuwa mtu wa kufurahia maneno aliyokuja nayo. "Kuna simu za setilaiti sasa. Unapiga kutoka popote. Evelyn ananiambia kila siku tung'oe redio zote, na chumba hiki kiwe stoo ya mahema."

Evelyn alikuwa mke wake, na mahema yalikuwa yakilowa verandani kweli.

"Sasa nisikilize," Hans akaendelea. "Korongo inakwenda Ziwa Natroni. Ikisikika kutoka kule kila jioni, nitamwambia wakala redio zinatosha, zinabaki, na wewe unabaki. Isiposikika, mzee, sina neno tena."

"Itasikika," akasema Elifuraha.

Korongo ilikuwa Landrova iliyotoka gereji siku hizo, imekatwa katikati na kurefushwa, paa limefanywa la kuinuka ili wageni wasimame waone simba. Kwa kuwa paa lenyewe hupanda na kushuka, eriali haikuweza kukaa juu; ilibidi isimame mbele, kwenye bampa. Elifuraha akaikwangua rangi mpya kwa msasa hadi chuma cheupe kikaonekana, kwa sababu eriali isiyoshikana na mwili wa gari ni sawa na mtu anayepiga kelele akiwa amening'inia hewani. Hans alipouona mkwaruzo ule akageuka akatazama Mlima Meru mpaka kazi ikaisha.

Fimbo ya eriali yenyewe alikuja nayo dereva, Lerionka, ameibeba begani. Lerionka alikuwa Mwarusha wa Kisongo, kijana wa miraba minne na sauti ya upole. Mwaka uliotangulia gari lake la zamani lilipinduka bondeni karibu na Engaruka. Redio ikabaki nzima, fimbo ikabaki imechomoza pembeni kati ya magurudumu, na kwa fimbo hiyo aliita hadi Irine akamsikia. Mama yake, Namnyaki, alipohadithiwa, aliuliza swali moja tu: kitu gani kilisikia mwanangu akilia? Lerionka akamwonyesha fimbo.

Basi mama akaivika shanga. Sikio huvishwa, na hili lilikuwa sikio. Akasuka pete bapa za shanga nyekundu, nyeupe na buluu, juu ya waya, na vipande vya bati vya kuning'inia, akazifunga karibu na ncha ya fimbo, akaitemea maziwa ya baraka.

Elifuraha akaitazama.

"Shikamoo, mzee," Lerionka akasema, akijua kinachokuja.

"Marahaba. Hizi nyanya umetoa wapi?"

"Ni shanga, mzee."

"Naona ni shanga. Zitoe tupime fimbo."

"Hapo hapana."

"Lerionka."

"Mzee, ukitaka nifunge redio kichwani, nitafunga. Ukitaka nilale chini ya gari, nitalala. Hizo kafunga yeyo, mama yangu."

"Basi mpigie yeyo wako aje azifungue."

"Nimpigie na nini? Yuko Kisongo, hana hata eriali."

Irine, dirishani, akacheka hadi akaweka kichwa mezani. Elifuraha naye akacheka, kisha akaizunguka fimbo.

Ifahamike shida yake ilikuwa nini. Fimbo ya redio ina urefu wake, kama filimbi. Ikiwa ndefu mno au fupi mno, sauti unayoituma haiondoki. Inafika ncha na kurudi, na redio ikiona inarudishiwa mali yake, hujipunguzia nguvu isije ikaungua. Fundi ana mita yenye sindano ya kumwonyesha kiasi kinachorudi. Huanza na fimbo ndefu, anapima, anakata ncha kidogo kwa msumeno wa chuma, anapima tena, anakata tena. Sindano ikilala chini, anaacha. Kazi ya subira tu, ila ina ubaya mmoja: chuma kilichokatwa hakirudi.

Sasa waya na bati za Namnyaki zilikuwa chuma juu ya chuma. Kwa mita, fimbo ile ilikuwa kama imeongezwa urefu. Fimbo nyingine zilikuwa za kuagizwa Nairobi, na safari ilikuwa keshokutwa.

Wazo la kuzifungua mwenyewe usiku, Lerionka akiwa amekwenda kula, lilimpitia. Halikukaa. Elifuraha alikuwa na mama aliyezikwa migombani Akheri, na alilelewa akijua kwamba kitu alichokufunga mzazi hufunguliwa na mkono uleule uliokifunga, au hakifunguliwi. Kwao walijua hivyo, na Kisongo walijua hivyo. Wasomi wangeweza kubishana, lakini hapo uani hapakuwa na wa kubisha.

Na hapo ndipo akili yake ilipompa njia, na ilikuwa njia nzuri. Kama shanga hizi haziondoki kamwe, akawaza, basi si mzigo juu ya fimbo. Ni mwili wa fimbo. Nitaikata nikizihesabu ndani.

Wakalisogeza gari katikati ya uwanja, mbali na mabati ya jiko. Injini ikawashwa. Lerionka akakaa ndani na maiki, Elifuraha akachuchumaa na mita yake.

"Bonyeza. Sema kitu."

"Moja, mbili, tatu..."

"Si uhesabu tu, sema kitu."

"Mzee Elifuraha ana koti moja toka uhuru!"

"Hiyo imerudi yote," akasema Elifuraha akiangalia sindano. "Redio haipitishi uongo."

Akakata. Akapima. Akawafukuza wapishi waliokuja kutazama, kwa kuwa mwili wa mtu ukisogea karibu hata sindano huona haya. Akakata tena, unga wa chuma unamdondokea kiatuni. Alikata zaidi ya alivyowahi kukata fimbo yoyote, kwa ajili ya zile shanga. Jua lilikuwa linaegemea Monduli sindano ilipolala, ikalala kabisa kama mbwa aliyeshiba. Akaingia, akashika maiki mwenyewe, akamwita jamaa aliyemfahamu, mpokeaji wa redio wa kampuni nyingine kule Seronera.

"Nakusikia kama uko jikoni kwangu," yule akajibu. "Mnapika nini?"

Irine akapiga makofi. Hans alikuwa amesimama kwenye ngazi. Akaitikia kwa kichwa polepole, na usoni pake palikuwa na kitu kama nafuu.

Asubuhi ya safari Elifuraha akampa Lerionka maagizo kama mama anayempeleka mtoto shule ya bweni. Usiikunje fimbo kuifunga na kamba. Usiache nati ilegee. Ukipita kwenye migunga, punguza mwendo. Juu ya shanga hakusema neno. Nani humwambia mtu asivue kitu alichofungwa na mama yake?

Jioni ya kwanza, saa ya kuita ilipofika, Irine akakaa sawa.

"Korongo, Korongo, hapa Sekei. Unanipata? Ova."

Redio ikafanya kama mafuta kwenye kikaango.

"Korongo, Korongo."

Elifuraha alikuwa amesimama nyuma yake. Ndani ya ule mkaango akasikia kitu, mbali sana, kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. Hakukuwa na maneno. Ila aliutambua mpigo: anabonyeza, anasema kidogo, anaachia, anangoja. Anabonyeza. Hivyo ndivyo Lerionka alivyoita, kistaarabu, kama anayebisha hodi.

"Yuko pale," akasema.

"Simsikii, Baba Lucky," akasema Irine, akimwita mzee kwa jina la mwanawe.

"Yuko pale. Anaita."

"Anasema nini?"

Elifuraha akatoka, akapanda juu ya nyumba, akaipapasa eriali ya kituo kiungo kwa kiungo. Nzima. Akashuka, akamwita yule jamaa wa Seronera, akamsikia safi. Kwake hapakuwa na kosa. Kosa lilikuwa kule, juu ya bampa, na mkono wake haufiki.

Jioni ya pili ikawa hivyo. Ya tatu, mpigo ulibadilika. Lerionka alikuwa akibonyeza haraka haraka, bila kungoja, na Elifuraha akajua kuna jambo.

"Korongo, kama unanisikia bonyeza mara mbili," akasema, amemnyang'anya Irine maiki. "Mara mbili, baba. Sekei tuko hapa."

Labda alibonyeza. Mlio ulipanda, ukashuka, ukazama kabisa. Hans alikuwa mlangoni. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaondoka bila kufunga mlango.

Nyumbani Akheri, mkewe, Mama Lucky, alimwekea chai, akaona haigusi.

"Haijasikika?"

"Haijasikika."

"Labda kesho."

"Kesho nayo itakuwa hivyohivyo."

Mama Lucky akakaa kando yake. Hakumwambia Mungu yupo, ingawa alikuwa mwanakwaya. Alivuta blanketi akamfunika magoti.

Korongo ilirudi imejaa udongo mweupe hadi kwenye vioo. Ilikuwa imezama kwenye tope la kando ya ziwa, wageni wakalala wamekaa, na kesho yake wakavutwa na gari la kampuni nyingine lililopita kwa bahati tu. Wageni walipitia kwa Hans, wakaongea kwa heshima, na heshima ile ndiyo iliyomwumiza. Kabla ya jua kutua wakala alikuwa ameshapigiwa.

Lerionka alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya Elifuraha, amebeba kibuyu, anatabasamu kama mtu aliyefurahi kufika hai.

"Shikamoo, mzee. Yeyo anakusalimu sana. Hii ni yako."

Elifuraha akakishika kibuyu. Kilikuwa cha maziwa mgando, kimefungwa vizuri.

"Yangu kwa lipi?"

"Tulipopita Kisongo asubuhi ile nilisimama kumsalimu. Nikamweleza jinsi mzee ulivyohangaika kutwa nzima na zile shanga zake. Akasikitika! Akasema, kumbe nimempa baba wa watu taabu. Akatoka mwenyewe na mkongojo wake, akazifungua kwa mkono wake, moja moja, akaibariki fimbo upya. Akasema, mwambie fundi nimemtua mzigo."

Elifuraha akainua macho, akatazama kupitia dirishani. Fimbo ilikuwa imesimama kwenye bampa, uchi, fupi, fupi kuliko fimbo zote alizowahi kuzikata. Asingeweza kuitetea mbele ya mwanafunzi.

"Redio ilikufanyaje?" akauliza, ingawa alijua.

"Nikibonyeza, taa nyekundu inawaka. Nilikuwa nawasikia nyie kwa mbali, mzee! Nilisikia ukisema 'baba, mara mbili'. Nikabonyeza. Mlisikia?"

"Tulisikia."

"Sasa ilikuwa nini?"

Jibu lilikuwa mdomoni, limekamilika, lenye ushahidi. Kijana angelibeba hadi Kisongo. Angelifikisha kwa mama mwenye mkongojo, kwamba wema wake ndio uliomlaza mwanawe topeni.

"Milima ya kule," akasema Elifuraha. "Ina mawe ya chuma. Inameza."

"Nilijua!" Lerionka akapiga paja. "Nilimwambia hata mgeni mmoja."

Hans alipokuja kuuliza, aliuliza kwa upole, mikono mfukoni. "Fundi, mimi si mtaalamu. Nieleze tu kosa lilikuwa nini, nijue."

"Niliikata fimbo ikawa fupi."

"Wewe?"

"Mimi."

Na huo haukuwa uongo. Huenda Hans alitarajia apewe betri, au milima, au tope. Kitu cha kumpelekea wakala.

"Pole, mzee," akasema mwishowe. "Hata hivyo nisikufiche. Nilishaagiza zile simu juzi, Korongo ilipokuwa bado kule. Wakala asingengoja."

"Ungesema, bosi."

"Ningesemaje?"

Wakasimama wote wawili, kila mmoja akingoja mwenzake aondoke kwanza. Mpishi akapita kati yao na sufuria.

Kazi ya mwisho ya Elifuraha uani kwa Hans ilikuwa kuzing'oa redio alizozifunga. Aliifanya kwa utaratibu wake uleule, akilizunguka kila gari kwanza. Madereva hawakumtania. Irine aliambiwa atahamia ofisini kupokea simu, na alikuwa amepaka rangi ya mdomo kwa ajili hiyo, kisha akaifuta alipomwona mzee anakunja kebo. Vijana wa Evelyn walikuwa wameshaanza kuingiza mahema chumbani, wanayarusha juu ya meza.

"Mzee Elifuraha," Hans aliita kutoka ngazini, kwa sauti ya mtu asiyependa kuomba, "yale matundu ya kebo mbele ya dereva, mvua isije ikapenya."

"Haitapenya."

Alikata vipande vya mpira wa tairi la ndani, akavichonga kwa kisu vikakaa vizuri, akavipaka gundi, akavizamisha kwenye matundu ya gari hadi gari. Pale kwenye bampa ya Korongo, alipokuwa amekwangua rangi, akapaka rangi, akangoja ikauke, akapaka ya pili. Ukipita na haraka usingejua kwamba pamewahi kufungwa kitu.

Kisha akachukua ndoo, akalimwagia gari maji kwa wingi, mbele kote, kama mvua ya masika. Akafungua mlango wa dereva, akapiga magoti, akapapasa sakafuni kwa kiganja, chini ya usukani hadi pembeni kabisa.

Palikuwa pakavu.